Nta, Shabu na Makoti ya Watoto

Mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, ninyi mafundi mliobaki kwenye baraza letu pale sokoni Bariadi. Mwanzoni nilikataa. Mtu aliyeshika sindano tangu ujana hana hamu ya kushika kalamu uzeeni. Kisha nikamsikia mmoja wenu, ambaye simtaji, akimwambia mteja kwamba makoti ya nta yalikuwa "mambo ya Mama Mbuke, kila fundi na wazimu wake." Hapo nikatafuta kalamu.

Mshahara na vyeo sitavigusa. Cheo sikuwahi kupata, na mshahara ulikuwa wa kuongelewa kwa sauti ya chini. Nitaandika habari za kitambaa, maji, na watoto wanaokwenda shule wakati wa masika. Kuna watu wengi waliowahi kuniambia niachane na habari hizo. Nawajibu hapa, maana nilipowajibu ana kwa ana wengi hawakusubiri nimalize.

Nilianza katika kiwanda cha kuchambua pamba, nikiwa binti niliyetoka Nassa na kisanduku kimoja cha nguo. Walinipeleka banda la maturubai. Kazi yetu ilikuwa kuziba viraka kwenye maturubai ya kufunikia marobota ya pamba uwanjani na juu ya malori. Msimamizi wa banda alikuwa Mzee Ramadhani, mwenyeji wa Tabora, mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa katani. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa sindano nene kama msumari, akanionyesha tundu, akaenda zake kunywa kahawa.

Nilishona kile kiraka kwa moyo wote. Aliporudi aliufuata mshono kwa kidole, akaguna kwa kuridhika, kisha akaita watu wawili wainue turubai mpaka likawa kama bakuli. Akamwaga kopo la maji juu ya kiraka changu, akachutama chini yake, akanivuta nami nichutame. Tukatazama. Maji yakaanza kutokeza tone moja moja, yamejipanga kwenye mshono wangu kama shanga.

"Umeshona vizuri," akasema. "Sasa ujifunze kuzuia maji."

Yote niliyoyajua baadaye yalianzia pale chini ya turubai. Sindano ikipita imeacha mlango. Uzi mkavu ni kamba ya kuvutia maji ndani, kwa hiyo upitishe kwanza kwenye bonge la nta. Na mshono ukunjwe mara mbili ulale kama bati la paa, la juu likilalia la chini, ili maji yapite juu yake yasiingie. Mzee Ramadhani alikuwa akiyasema haya huku anatafuna kashata, na mimi nilidhani anajisemea mwenyewe.

Siku moja ya masika mvua ilitushukia ghafla. King'ora kikalia, watu wote wa kiwanda tukatoka mbio kufunika marobota. Makarani walikimbia, walinzi walikimbia, hata mpishi alikimbia na mwiko mkononi. Tulipomaliza, nimesimama nimeshika kona ya turubai, nikawaona watoto wa shule wakipita nje ya lango. Kila mmoja alikuwa amejifunika mfuko wa salfeti, ule wa nailoni wa kutilia nafaka, uliokunjwa pembe ukawa kama kofia. Maji yaliwashuka mgongoni mpaka kwenye visigino.

Nikamwuliza Mzee Ramadhani kwa nini tumekimbilia pamba namna ile.

"Pamba ikilowa inashuka daraja," akanijibu.

"Na mtoto?"

Akafikiri. "Mtoto hukaushwa."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo watu wote walivyoona, na mimi pia ndivyo nilivyokuwa nimelelewa. Lakini lile jibu lilinikaa kooni. Kesho yake Mzee Ramadhani alinijia na bonge la nta limefungwa kwenye gazeti. "Umeninyima usingizi," akasema. "Jaribu kwenye nguo. Turubai ni zito kwa mtoto." Alistaafu mwaka uliofuata akarudi kwao Tabora, na sikumwona tena.

Kiwanda kilipopunguza watu, nami nikapunguzwa. Nikaja na cherehani yangu ya miguu hapo barazani mnapopajua. Nilishona sare za shule, mapazia, magauni ya kwaya, suruali za mabwana wa ofisini wanaosema kiuno hakijabadilika. Na kila nilipopata nafasi nilijaribu vitambaa.

Msidhani nilipatia mara ya kwanza. Nilianza na mafuta ya pamba, nikijiona mjanja kwa kuwa hapa kwetu ni ya kumwaga. Koti likanuka maandazi, likashika vumbi lote la Bariadi, na panya wakala kola. Nikajaribu mshumaa wa dukani peke yake. Ulizuia maji vizuri sana mpaka mtoto alipokunja mkono. Ukapasuka mistari myeupe kiwikoni, na maji yakaingia pale pale. Nikajaribu kushonea salfeti ndani ya kaki. Mtoto wa jirani akatembea nalo mpaka dukani na kurudi, akatoka humo amelowa jasho kuliko ambavyo angelowa mvua. Mafundi wenzangu walicheka mpaka wakasimamisha cherehani zao. Mmoja akaniambia, "Mama Mbuke, Mungu kaumba mvua, wewe unampinga?" Nikamwambia kaumba na ngozi, lakini wewe mbona umevaa shati.

Kilichonitoa kwenye kujaribujaribu ni siku aliyokuja Mama Kabula.

Alitoka kijiji cha mbele ya Lagangabilili, mwanamke mwembamba, ameketi mbele ya cherehani yangu kabla hajasalimia vizuri. "Mwadila, mayu," akasema, salamu yetu ya mchana kwa mama. Nikamwitikia. Akatoa kwenye kikapu koti la mvua la plastiki, la mtumba, jekundu, akaliweka juu ya meza.

"Nataka koti ambalo si hili," akasema.

Akanieleza. Binti yake Kabula alikuwa darasa la pili na alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao kwetu huku umeingia nyumba nyingi. Wawili walimtangulia kuzaliwa, na wote wawili walikufa nao. Daktari wa hospitali alikuwa amemweleza mama kwa upole na kwa urefu: mtoto ale dawa zake, anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asilowe. Akilowa na upepo ukampiga, maumivu humjia kwenye mifupa, analia akishika miguu. Basi mama akanunua lile koti la plastiki. Kabula akatembea nalo mpaka shuleni, mwendo mrefu kwenye udongo mweusi wa mbugani unaoshika mguu. Akafika amelowa jasho. Akalivua darasani, dirisha halina kioo, upepo ukamkuta. Jioni ile walimbeba kumpeleka hospitalini.

"Sasa wanasema nimuweke nyumbani masika yote," akasema Mama Kabula. "Masika yote, mayu. Na vuli pia. Atasoma lini?"

Nikamwuliza ni nani wanaosema. Akasema ni baba mkwe wake.

Nilikaa na lile koti jekundu siku kadhaa. Tatizo lake lilikuwa wazi: lilizuia maji ya nje na kufungia ya ndani. Nilitaka kitambaa kinachokataa mvua na kuruhusu jasho. Jibu lilitoka kwenye ndoo ya maji nyumbani kwangu. Mnajua shabu, lile jiwe jeupe tunalotumia kutuliza tope kwenye maji ya lambo. Mzee Ramadhani aliwahi kunitajia kwamba mafundi wa zamani wa mahema walilowesha kitambaa kwenye sabuni, kisha kwenye shabu. Wakati ule nilidhani ni hadithi za mahema. Sasa nikajaribu.

Nawaandikia ninavyofanya, mtu asije akasema niliondoka na siri ya kazi hii. Chukua kaki nzito ya pamba, si ile yenye nailoni. Ioshe kwa maji ya moto mpaka wanga wa kiwandani utoke wote, maana kitambaa chenye wanga hakipokei kitu. Kikauke. Kwangua sabuni ya kipande kwenye maji ya moto, loweka kitambaa, kamua. Kisha kitie kwenye maji ya shabu, kikae, kamua tena, anika kivulini, piga pasi. Sabuni na shabu vikikutana ndani ya nyuzi huganda, na ukimwagia maji hukimbia kama yanayokimbia kwenye jani la yungiyungi. Lakini ukipuliza kwa mdomo upande mmoja, mkono wako upande wa pili unasikia pumzi.

Nta weka mahali mvua inapopiga tu: kofia, mabega, na mgongo wa juu. Changanya nta ya nyuki na mshumaa kidogo, iyeyushe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji. Usiiweke moja kwa moja kwenye moto hata kama una haraka, maana nta ikishika moto haikungoji. Paka, kisha funika kwa kitambaa cha zamani, upitishe pasi ya mkaa ya vuguvugu juu yake mpaka nta iingie. Na mwambieni kila mama: koti hili lisisogee jikoni, na mtoto asiote nalo moto. Linazuia maji. Moto halizuii, linaukaribisha.

Mabega nilikata bila mshono. Mikono niliianzia shingoni, mshono wake ukateremka kwa mshazari mpaka kwapani, ili pale mvua inapotua pasiwe na tundu la sindano hata moja.

Kwa kuwa Kabula alikuwa bado kitandani, nilikwenda mwenyewe kwao kumjaribisha. Baba mkwe wa Mama Kabula alikuwa uani ananoa jembe. Kabula alimwita guku, yaani babu, nami namwita hivyo hivyo. Alinisalimia kwa heshima, akanikaribisha kigoda. Kabula akatoka akiwa amejifunga kanga, macho yake yana ule umanjano wa ugonjwa wake, akavaa koti akasimama katikati ya ua kama askari.

Guku aliacha kunoa. Akaja akashika mkono wa koti, akageuza ndani, akaona pindo refu nililolikunjia pale. Akageuza na chini, akaona jingine.

"Hili la nini?" akaniuliza.

"La kuachia, akikua."

Akaurudisha mkono wa koti taratibu. Akaongea Kisukuma, kwa sauti ya chini, lakini mtoto alikuwa pale pale. Alisema, "Nimezika wawili wa nyumba hii. Usimzoeze mambo ya kukua."

Mama Kabula akageuka akatazama ukutani. Nami nilimtazama yule mzee, na niliona kwamba hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka kuchimba. Lakini mtoto alikuwa amesikia, na mtoto alikuwa akinitazama mimi.

Nikasema, "Guku, mimi fundi. Sishoni nguo ya mtoto bila pindo. Hata siku moja sijashona."

"Hata huyu?"

"Hasa huyu."

Akarudi kwenye jembe lake. Kabula akaniuliza kama anaweza kulala nalo. Nikamkatalia, kwa sababu ya nta.

Shuleni nako koti halikupita kirahisi. Mwalimu mkuu alimwambia Kabula alivue getini. Kamati ya shule ilikwishakubaliana kuwa hakuna nguo juu ya sare. Mama Kabula alinijia amekunja midomo, nikafunga cherehani, tukaenda wote.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Iringa, mstaarabu, na baridi aliijua kuliko sisi. Alitukaribisha ofisini, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama zangu, sikatai ugonjwa. Lakini hawa watoto wengine wote wanakuja wamelowa. Wapo waliokuwa wakivaa masweta mazuri, na wengine hawana hata kandambili. Walichekana, wengine wakaacha shule. Ndiyo maana tukazuia. Nikimruhusu Kabula na koti, kesho wote watataka."

"Watake," nikasema.

Akanitazama.

"Mwalimu, watoto kutaka kukaa wakavu si kosa la nidhamu. Watake, na wazazi wao watake."

"Na atawashonea nani?"

"Mimi nitawafundisha. Waje na kaki ya rangi ya sare. Mkato mmoja, rangi moja, hakuna la kuchekana."

Akazungusha kalamu vidoleni. Nilitegemea aniambie nitoke. Badala yake akasema kamati itakaa, lakini kwa sasa Kabula aingie nalo, yeye atajibu. Mpaka leo namheshimu yule mtu. Kulikuwa na watu kwenye ile kamati waliosema watoto wa Kisukuma hawafi kwa mvua. Nilipoitwa mbele yao nikawaambia ni kweli, sisi tuliokaa hapa hatukufa. Waliokufa hawakualikwa kikaoni. Hawakupenda. Lakini walipitisha.

Tukafanya kazi ile Jumamosi za kiangazi, kwenye uwanja wa shule. Akina mama walileta kaki, wengine suruali kuukuu za waume zao zilizofumuliwa. Nta tulipata kwa wauza asali waliotoka upande wa Meatu, ambao walishangaa kuona mtu anataka kile wanachotupa. Sufuria zilichemka, kamba zikajaa vitambaa kutoka mwembe mpaka choo cha walimu. Baadhi ya makoti yalikuwa mabaya. Kuna moja lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na mtoto alilivaa miaka yote akiwa amelikunja upande mmoja, mkavu kabisa. Mimi nililipenda kuliko yote.

Msidhani mambo yakawa mema kuanzia hapo. Masika yaliyofuata Kabula alizidiwa. Alilazwa, akaongezewa damu, na kijijini maneno yakaanza. Kwamba ni lile koti. Kwamba nta ile ina dawa. Kwamba mwanamke wa sokoni alishona pindo la kumwita mtoto kaburini. Kuna wateja waliokuja kuchukua vitambaa vyao kwangu kabla sijavikata. Mwenzangu mmoja wa barazani akanishauri niseme hadharani kuwa nimeacha makoti, mpaka upepo upite.

Sikusema. Siku ile ile nilitundika koti la mtoto mbele ya cherehani yangu, pale kila mpita njia alipoliona, nikaenda hospitalini kwa miguu nikiwa nimebeba uji.

Muuguzi alikuwa amekwisha kuwaambia wazazi kwamba ni malaria iliyomwangusha, si mvua. Sisi tunaoishi karibu na watoto wa namna hii tunajua malaria inavyowapiga. Kabula alikuwa amelala, mkono umefungwa bomba la damu. Mama yake alinipisha kiti. Hakunilaumu, na mimi sikujitetea. Tulikaa tu, tukimtazama anapumua, mpaka akafumbua macho akaomba maji.

Alitoka hospitalini. Nikangoja kusikia wameliondoa koti, wamemfungia nyumbani. Wiki zikapita. Kisha asubuhi moja nikamwona Guku anakuja barazani, amevaa kofia yake ya pama, koti la Kabula amelikunjia kwapani. Wenzangu wote wakainua macho. Nikasema moyoni, leo linarudishwa mbele za watu.

Tukasalimiana. Akalifungua juu ya meza yangu, akaingiza mkono ndani, akatoa kidole kwapani.

"Hapa linavuja," akasema.

Nikainama kutazama. Kweli, mshono wa kwapani ulikuwa umelegea.

"Umejuaje, Guku?"

"Nalimwagia maji. Kila anapotaka kwenda shule kukiwa na mawingu, nalitundika, namwaga kopo, natazama ndani." Akalivuta koti karibu yangu. "Jana likavuja. Nimemwambia leo asiende mpaka fundi alitazame. Analia huko nyumbani, hataki kukosa hesabu. Litengeneze upesi."

Nikafumua, nikashona upya kwa uzi wa nta. Yeye alisimama pale muda wote, akikataa kiti, akifuata sindano kwa macho. Nilipomaliza aliomba maji. Nikadhani ana kiu. Akayamwaga kwenye kwapa la koti, akachungulia chini, akangoja. Hakikutoka kitu. "Wabeja," akasema, yaani asante, akaondoka nalo. Mabega yake nyuma yalikuwa yametulia, na mimi nilishindwa kushona mpaka mchana.

Pindo tulilishusha mara mbili. Kisha nikashona koti jingine, na jingine.

Alipoingia sekondari Kabula akanigomea. Alikuja barazani mwenyewe, msichana mrefu sasa, akaweka koti mezani. "Mama, sitaki tena. Wananiita Koti. Hawajui hata jina langu."

Nilimwambia atalowa. Akasema atalowa. Nikamwambia habari za mifupa, akaniambia mifupa ni yake. Nilitaka kukasirika, lakini mbishi akikutana na mbishi mwenzake hawezi kujidai haelewi. Nikamuuliza anataka nini. Akanichorea kwenye kipande cha kitambaa: koti fupi, la kiunoni, lenye mifuko ya ndani na mkanda, rangi ya bluu iliyokolea. Nikamwambia bega litabaki bila mshono, hapo sijadiliani. Akakubali. Nikalishona kama alivyotaka. Kabla ya mwisho wa muhula wasichana wa bweni lake walikuwa wakija na vitambaa vyao, wanataka "kama la Kabula." Angalau jina walilijua.

Leo Kabula ni mtu mzima. Anafanya kazi katika ofisi moja kati ya zile mpya pale Lagangabilili. Kuna miezi anaumwa, kuna miezi hasikii kitu. Guku aliwahi kumwona akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni kabla hajafariki, akakigeuza mbele na nyuma. Sisemi koti lilimponya. Selimundu haiponywi na nta, na atakayewaambia hivyo mfukuzeni barazani. Dawa alimeza, maji alikunywa, madaktari walifanya kazi yao, mama yake hakulala. Kazi ya koti ilikuwa moja: siku za mvua aliketi darasani.

Mnaniambia siku hizi makoti ya dukani yamejaa, mepesi, mazuri. Yamejaa, ni kweli. Yakichanika yanakwenda jalalani, maana hakuna anayejua kuyaziba. Na mtoto wa mbugani bado anavaa salfeti, nimemwona juzi kwa macho yangu nikitoka Kalemela. Kwa hiyo msiniambie kazi hii imepitwa na wakati. Nitajieni kwanza mvua iliyopitwa na wakati.

Siku mliyoniaga, pale kwenye ukumbi, mlikuwapo, lakini naiandika kwa ajili ya wasiokuwapo. Mwenyekiti wa soko alisimama akanisifu sana. Akasema nimefanya kazi ya huruma, nina moyo wa huruma, Mungu anilipe kwa huruma yangu. Watu wakapiga makofi. Nikaombwa nijibu.

Nikasema, "Mwenyekiti, nakushukuru, lakini sikubali. Sikumhurumia mtoto yeyote. Unayemhurumia humpimi kiuno. Hawa nimewapima, nimewakatia, wakarudi kunilalamikia, nikarekebisha. Walikuwa wateja wangu."

Niliona baadhi yenu mnatazama viatu. Mwenyekiti alishika soda yake asijue anywe au aiweke.

Ndipo mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, amebeba mtoto mgongoni, akasimama. Simjui, nadhani alikuja kumfuata ndugu yake. Akasema, "Samahani, mayu. Huyu wangu ana miaka minne. Lile bega lisilo na mshono, kwa mtoto wa umri huu linakatwaje?"

Nikamwambia asogee mbele. Nikamshusha mtoto, nikamsimamisha juu ya kiti, nikampima kwa shubiri kuanzia shingoni. Karatasi haikuwapo. Nikaomba chaki, mmoja wenu akanipa kutoka mfukoni, nikaanza kuchora moja kwa moja kwenye kitambaa cheupe cha meza ya wageni wa heshima, nikieleza kwa sauti ili na wa nyuma wasikie. Mwenyekiti akainua soda yake, akasogeza na sahani ya pilau, ili nipate nafasi ya kuchora mkono wa pili wa koti.